Kidonda Hufunga, Mfupa Huunga: Maneno ya Kufuatilia Uponaji wa Mfupa kwa Mate

Mfasiri anayekabidhiwa fomu ya ridhaa ya utafiti wa tiba ya kinywa huweza kukutana na sentensi inayoonekana nyepesi kabisa: mgonjwa atatoa mate ili watafiti wafuatilie uponaji wa mfupa baada ya kupandikiziwa jino. Wepesi huo ni wa juu juu. Mate, kufuatilia, uponaji na kupandikiza ni maneno ambayo kila moja limekwisha kujijengea maana katika masikio ya wasemaji, na maana hiyo si lazima iwe ile anayoikusudia mtafiti. Kosa likipita hapa, mgonjwa ndiye atakayelilipia, kwa kuwa fomu ya ridhaa husomwa ili mtu aamue jambo kuhusu mwili wake.

Moshi ni mahali pazuri pa kulitazamia suala hili. Mji huu una hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, pamoja na chuo kikuu cha tiba na taasisi ya utafiti iliyo katika eneo hilohilo. Madaktari husomeshwa kwa Kiingereza, huwahoji wagonjwa kwa Kiswahili, na baadhi ya wagonjwa, hasa wazee wanaoteremka kutoka Kibosho, Marangu au Rombo, hulizungumzia umbo la maumivu yao kwanza kwa Kichaga. Hivyo basi neno moja la kitaalamu huvuka mipaka miwili ya lugha kabla halijamfikia anayehusika.

Hoja ya makala haya ni moja. Kiswahili kina vitenzi vya kawaida, vinavyojulikana na kila mtu, vinavyotenganisha mambo ambayo kitenzi *kupona* huyachanganya. Mfasiri akivitumia, maelezo ya sayansi hii yataeleweka bila kubuni istilahi nyingi mpya. Asipovitumia, mgonjwa ataambiwa amepona wakati mfupa wake ungali kazini.

Kinachotokea ndani ya taya

Kabla ya maneno, tuanze na jambo lenyewe. Kipandikizi cha jino ni skurubu ndogo, aghalabu ya titani, inayoingizwa katika mfupa wa taya mahali palipo na pengo. Baadaye hufungwa juu yake jino la bandia. Msingi wa tiba hii uliwekwa na mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, ambaye katika miaka ya 1950 aligundua kwamba mfupa wa sungura ulikuwa umeshikana na chombo cha titani kiasi cha kutoweza kubanduka. Mwaka 1965 alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia hiyo.

Skurubu inapoingizwa, hushikiliwa kwanza na mbano tu, kama skurubu yoyote inavyoshikiliwa na ubao. Kisha mwili huanza kazi yake. Seli za aina moja hubomoa mfupa uliojeruhiwa. Seli za aina nyingine hujenga mfupa mpya unaokua hadi kuigusa titani yenyewe. Kwa kuwa ubomoaji hutangulia na ujenzi hufuata, kuna kipindi cha wiki chache za mwanzo ambapo mbano wa awali umepungua na mfupa mpya haujakomaa. Katika kipindi hicho kipandikizi huwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa, ingawa mgonjwa hasikii maumivu na ufizi wake unaonekana mzima. Kwa utaratibu wa asili, madaktari walisubiri miezi 3 hadi 6 kabla ya kukibebesha kipandikizi mzigo wa kutafuna. Siku hizi baadhi ya wagonjwa husubiri muda mfupi zaidi, kwa kutegemea hali ya mfupa wao na uamuzi wa daktari.

Swali la watafiti ni hili: je, kazi hiyo ya kubomoa na kujenga inaweza kufuatiliwa bila kufungua ufizi na bila kurudiarudia picha za eksirei? Seli zinapofanya kazi huacha masalio. Zinazojenga hutoa protini iitwayo osteokalsini na kimeng'enya kiitwacho fosfatasi alkali. Mfupa unapobomolewa huachia vipande vya kolajeni. Ufizi unapovimba, chembe nyeupe za damu hutoa vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni. Sehemu ya masalio haya hupenya katika majimaji ya kwenye mfereji mwembamba ulio kati ya ufizi na jino au kipandikizi, kisha huchanganyika na mate. Hapo ndipo mate yanapogeuka kuwa chanzo cha habari kuhusu mfupa.

Jino la pembe na kipandikizi

Wahenga walisema: *jino la pembe si dawa ya pengo*. Methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba cha kubandika hakilingani na cha asili. Kwa lugha ya tiba, jino la pembe ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yanayokaa juu ya ufizi bila kuhusiana na mfupa. Kipandikizi kinatofautiana nalo kwa jambo moja tu, nalo ndilo kiini cha mada yetu: mfupa hukikubali au hukikataa. Methali hiyo ingali kweli kwa kipandikizi ambacho mfupa haujashikana nacho.

Neno lenyewe lahitaji uangalifu. *Kupandikiza* ni kitenzi cha shambani. Mkulima hupandikiza miche ya mpunga au ya kahawa kwa kuihamisha kutoka kitaluni kwenda shambani. Katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako taasisi ya utafiti wa kahawa ina makao yake Lyamungo, wakulima wanajua pia *kubebesha*, yaani kuunganisha kikonyo cha aina moja ya mti juu ya shina la aina nyingine. Baada ya kupandikiza huja swali ambalo kila mkulima huliuliza: mche *umeshika*? Kitenzi hicho ni hazina kwa mfasiri. Mzee wa Machame aliyepanda kahawa maisha yake yote anajua kwamba kupanda ni siku moja na kushika ni majuma mengi, na kwamba jani la kijani la siku ya tatu si ushahidi wa mizizi.

Hata hivyo, nomino zinazotokana na kitenzi hiki zina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni *pandikizi*. Kamusi zimelisajili kwa maana ya kitu au mtu mkubwa kupita kiasi, kama katika *pandikizi la mtu*. Katika siasa, pandikizi ni mtu aliyepenyezwa katika kundi ili alihujumu. Kumwambia mgonjwa kwamba ana pandikizi tayani ni kumtisha bila sababu. Mtego wa pili ni *kipandikizi* kikisimama peke yake. Katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania, kipandikizi ni kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Mama akiulizwa katika kliniki ya meno, “Umewahi kuwekewa kipandikizi?” atajibu kuhusu mkono wake. Kwa hiyo tunapendekeza *kipandikizi cha jino*, na sifa hiyo isidondoshwe mpaka muktadha umekwisha kuwa wazi kabisa.

Kufunga, kubana, kuunga, kushikana, kupona

Sasa tufike kwenye vitenzi. Kiswahili cha kila siku hakisemi kwamba kila kitu hupona kwa namna moja. Kidonda *hufunga*: kingo zake hukutana na ngozi au ufizi hulifunika jeraha. Skurubu *hubana*: hushikilia kwa nguvu ya msuguano. Mfupa uliovunjika *huunga*: pande zake mbili huwa kitu kimoja tena. Viwili vya asili tofauti, kama mfupa na madini, *hushikana*. Mtu mzima, mwenye jina na shughuli zake, ndiye *hupona*.

Tofauti hizi si za kubuniwa darasani. Mtu aliyeanguka kutoka mtini na kuvunjika mguu ataulizwa na jirani, “Mfupa umeunga?” na si “Mfupa umepona?” Swali la kupona huulizwa juu yake yeye. Mganga wa mifupa wa jadi huitwa mwungaji mifupa kwa sababu hiyohiyo. Mfasiri anayeandika “mfupa wako umepona” amekichukua kitenzi cha mtu akakivisha kiungo, na hapo hapo amempa mgonjwa ruhusa ambayo hakukusudia kuitoa. Aliyepona huacha dawa, huacha kliniki, na hula atakacho.

Madhara yake yanaonekana kwa urahisi. Ufizi hufunga ndani ya wiki chache. Mgonjwa anayeishi Rombo analipa nauli kila anapokuja Moshi mjini. Akiambiwa wiki ya tatu kwamba “pamepona”, ana kila sababu ya kutorudi, na ana kila sababu ya kutafuna mahindi ya kuchoma kwa upande huohuo. Wiki hiyo ya tatu, kama tulivyoeleza, imo katika kipindi ambacho kipandikizi kina mshiko mdogo. Sentensi sahihi ni ndefu kidogo lakini inalinda: “Ufizi umefunga, mfupa haujashikana na kipandikizi.”

Tuongeze jambo kuhusu nomino. *Uponaji* na *uponyaji* hutumiwa kana kwamba ni neno moja. *Uponaji* hutokana na *pona*: ni hali ya mwili wenyewe kurejea katika afya. *Uponyaji* hutokana na *ponya*: kuna mponyaji na kuna anayeponywa. Aidha, katika Tanzania ya leo *uponyaji* limechukuliwa zaidi na mikutano ya maombi. Utafiti unaofuatilia mfupa unavyojijenga unahusu uponaji. Mwanafunzi akiandika “viashiria vya uponyaji wa mfupa”, msomaji atatafuta mponyaji asimwone.

Na tusisahau viambishi vya njeo. Sentensi *mfupa umeunga* ina kiambishi -*me*-, kinachoonyesha kwamba tendo limekamilika na matokeo yake yapo. *Mfupa unaunga* ina -*na*-, kinachoonyesha kwamba tendo linaendelea. *Umeshaunga* hufunga mjadala kabisa. Masalio yaliyomo katika mate yanatokana na kazi inayofanyika wakati ule sampuli inapochukuliwa; yanaweza kumwambia mtafiti kwamba mfupa *unajengwa* au *unabomolewa*. Kwa asili yake, kipimo hicho kinazungumza kwa -*na*-. Anayeyatafsiri matokeo yake kwa -*me*- ameongeza jambo ambalo maabara haikulisema. Herufi mbili tu zinatenganisha taarifa na ahadi.

Mate, ute, udenda na makohozi

*Mate* ni nomino ya kale. Shina lake -*te* ndilo lililomo katika *ute*, kama ute wa yai, na wenzake wamo katika lugha nyingine za Kibantu: Kishona husema *mate*, Kizulu *amathe*, Kikuyu *mata*. Nomino hii haihesabiki. Husemwi “mate manne”, bali “sampuli nne za mate” au “mate ya mara nne”.

Binadamu hutoa takriban nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku, kutoka jozi tatu za tezi kubwa na tezi ndogo mamia zilizotawanyika kinywani. Kwa hiyo masalio ya mfupa wa mahali pamoja huzama katika maji mengi yasiyohusika. Msomaji wa Kilimanjaro atalielewa tatizo hili kwa kuyatazama maji ya mlima wake. Bwawa la Nyumba ya Mungu hupokea maji ya Kikuletwa na ya Ruvu, mito iliyokusanya vijito visivyohesabika. Anayepima maji bwawani anaweza kujua kwamba kuna udongo uliomomonyoka huko juu, lakini hawezi kusema ni wa shamba la nani. Akitaka kujua hilo, sharti apande hadi kwenye mfereji wenyewe. Mate ni bwawa. Majimaji ya kando ya kipandikizi ni mfereji. Ndiyo maana watafiti wengi hupima vyote viwili, na ndiyo maana mfasiri hapaswi kuviita vyote *mate*. Cha pili tukiite *majimaji ya kando ya ufizi*.

Namna ya kuyatoa mate nayo ina maneno yake. Maelekezo ya maabara mara nyingi hutaka mate yasiyochochewa: mtu hatemi, bali huyaacha yajikusanye na kudondoka yenyewe kwenye kichupa. Hali hiyo Kiswahili huiita *kutokwa na udenda*. Neno ni sahihi, lakini halifai kuambiwa mtu mzima, kwa sababu udenda ni wa mtoto mchanga, wa aliyelala fofofo au wa mwenye tamaa. Kwa upande mwingine, *kutema mate* ni tendo jingine, na lina uzito wake. *Kumtemea* mtu mate ni kumtusi. Lakini katika mila za Wamasai, majirani wa Wachaga, mzee humtemea mtoto mate kidogo kwa kumbariki. Na msemaji yeyote wa Kiswahili akisikia mwenzake akitamka jambo la nuksi humwambia, “Tema mate chini!” Neno lililobeba tusi, baraka na kinga kwa pamoja halitamkwi ovyo mbele ya mzee. Muuguzi kijana atasema vizuri zaidi: “Shikamoo mzee. Naomba uache mate yajikusanye kinywani, kisha uyaache yadondoke taratibu kwenye kichupa hiki. Hakuna haja ya kuyatema.”

Pana pia *makohozi*. Mkoa wa Kilimanjaro una hospitali ya Kibong'oto, iliyopo Siha, inayojulikana tangu miaka ya 1920 kwa tiba ya kifua kikuu. Huko kinachohitajika ni makohozi, yaani kinachotoka kifuani kwa kukohoa, na mgonjwa anayeleta mate ameleta sampuli isiyofaa. Katika kufuatilia mfupa wa taya mambo ni kinyume: yatakiwa mate, na makohozi huiharibu sampuli. Maneno haya mawili yasibadilishane nafasi katika fomu yoyote.

Mwisho kuna *kipimo cha mate*. Sheria ya Tanzania ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019 kumruhusu mtu kujipima VVU, vipimo vya kutumia majimaji ya kinywani vilianza kujulikana. Tangu hapo, watu wengi wakisikia kipimo cha mate huwaza VVU. Mtafiti wa mifupa asiyelijua hilo atashangaa kuona watu wakikataa kushiriki au wakingoja majibu ambayo hakuyaahidi. Fomu yake lazima itaje kinachopimwa na itaje pia kisichopimwa.

Kiashiria, dalili na kipimo

Kwa masalio yale yanayopimwa, istilahi iliyozoeleka ni *kiashiria cha kibiolojia*, au kwa ufupi *kiashiria*. Ni chaguo zuri, kwa sababu *kuashiria* ni kuelekeza macho mahali fulani bila kudai kwamba umefika. Kosa la kawaida ni kukiita *dalili*. Asili ya *dalili* ni Kiarabu, kwa maana ya ushahidi, na katika Kiswahili cha tiba neno hili limekaa kwenye kile anachokihisi au kukiona mgonjwa: maumivu, uvimbe, usaha, jino kulegea. Kiashiria hakihisiwi. Mtu anaweza kuwa na viashiria vya ubomoaji mkubwa wa mfupa bila dalili hata moja. Na hapo ndipo penye thamani ya kipimo hiki. Ukiviita vyote dalili, umemnyima mgonjwa sababu ya kurudi kliniki akiwa hajisikii vibaya.

*Kipimo* nacho kina kazi nyingi mno: ni chombo, ni tendo, ni kiasi, na mara nyingine ni matokeo. Tunashauri *kipimo* kitumike kwa tendo na chombo, *kiwango* kwa kiasi kilichopatikana, na *majibu* kwa taarifa anayopewa mgonjwa. *Kupima* ni mara moja. *Kufuatilia* ni kupima tena na tena na kulinganisha. Kwa mate, kulinganisha ndiko kwenye maana, na ili ulinganifu uwe wa haki sampuli huchukuliwa kwa masharti yaleyale: kwa mfano, kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, kabla ya kula. Mfasiri akumbuke kugeuza saa za Kiingereza ziwe za Kiswahili. Asiyefanya hivyo humwita mgonjwa kliniki alfajiri, au humwita alasiri baada ya chakula.

Yafaa kusema wazi kwamba, hadi sasa, hakuna kiashiria kimoja cha kwenye mate kinachotosha peke yake kuthibitisha kwamba mfupa umeshikana na kipandikizi. Ugonjwa wa fizi mahali pengine kinywani hupandisha baadhi ya viwango hivyohivyo. Daktari hutegemea kwanza ukaguzi wa kinywa, picha ya eksirei na upimaji wa uthabiti wa kipandikizi chenyewe. Kwa hiyo vitenzi vinavyofaa kuandamana na *kiashiria* ni *huelekeza*, *hudokeza* na *huashiria*. *Huthibitisha* na *huhakikisha* viwekwe kando.

“Kawaida” ni kawaida ya nani?

Neno la mwisho ni *kawaida*. Majibu ya maabara hupenda kusema kiwango ni cha kawaida au si cha kawaida. Katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro neno hilo lina historia yake mdomoni mwa watu. Maji ya baadhi ya vijito na visima vya eneo hili, lililoumbwa na volkano, yana floraidi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza ziwe ukomo. Magadi ya kupikia nayo huweza kuongeza floraidi katika chakula. Mtoto anayekua kwa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia. Zipo sehemu ambako meno ya aina hiyo ni mengi kiasi kwamba kwa macho ya wenyeji ni ya kawaida.

Floraidi haiishii kwenye meno. Huingia pia katika madini ya mfupa. Kwa hiyo kiwango kilichoitwa cha kawaida kwa wakazi wa Gothenburg hakiwezi kuhamishwa tu kama kilivyo hadi kwa mkulima aliyekunywa maji ya Meru tangu utoto. Tafsiri ya haki zaidi hulikwepa neno hilo na kumlinganisha mtu na nafsi yake: “kiwango chako cha awali”, “kimepanda kuliko mara iliyopita”, “kimeshuka kuliko kabla ya kipandikizi kuwekwa”. Uamuzi huu wa lugha unaafikiana na sayansi yenyewe, kwani ufuatiliaji wa mate hutegemea zaidi mabadiliko ya mtu mmoja kuliko wastani wa watu wengi.

Mfano wa kufanyia kazi

Walimu wa tafsiri wanaweza kutumia aya mbili zifuatazo darasani. Zote zimetungwa kwa ajili ya zoezi. Ya kwanza ni ya haraka:

*Tutachukua mate yako ili kupima kama pandikizi lako limepona. Dalili zikiwa za kawaida, itathibitika kwamba umepona.*

Ya pili imezingatia yote tuliyoyaeleza:

*Tunakuomba utupatie mate kidogo mara nne: kabla ya kipandikizi cha jino kuwekwa, kisha baada ya wiki 2, wiki 6 na miezi 3. Utayaacha mate yajikusanye kinywani na kudondoka yenyewe kwenye kichupa, usikohoe makohozi. Katika mate hayo tutapima protini zinazotolewa mfupa unapobomolewa na unapojengwa. Hatutapima VVU wala ugonjwa mwingine. Tutalinganisha viwango vyako vya kila mara na kiwango chako cha awali. Viwango hivyo vinaashiria mfupa unavyoendelea. Haviwezi peke yake kuthibitisha kwamba umeshikana na kipandikizi. Daktari atakueleza hayo baada ya kukagua kinywa na kupiga picha ya eksirei. Ufizi wako unaweza kufunga mapema na usisikie maumivu. Hata hivyo, tafadhali usitafune vitu vigumu kwa upande huo mpaka daktari akuambie.*

Aya ya pili ni ndefu mara kadhaa, na wapo watakaolalamika kwamba fomu imerefuka. Lakini katika urefu huo hamna neno hata moja ambalo mkulima wa kahawa hajui kulitumia, ukiacha protini na eksirei ambazo nazo amekwisha kuzisikia. Mwanafunzi aulizwe: ni sentensi ipi katika aya ya kwanza ingemfanya mgonjwa asirudi miezi 3 baadaye? Akishaiona, aipitie tena kwa kubadilisha kitenzi kimoja kimoja, *pona* kiwe *funga*, kisha *unga*, kisha *shikana*, na kila mara aeleze ni nani au ni kitu gani sasa kinachotenda. Zoezi hilo huchukua nusu saa, na linaweza kufanywa kwa fomu halisi yoyote ya hospitali iliyo karibu.